Dawa Zilizobaki Nyumbani: Namna ya Kuziondoa Bila Kuleta Madhara

Somo la mwezi huu ni la kila nyumba, kwa maana ni shida kupata nyumba katika skimu zetu isiyokuwa na dawa iliyobaki. Pengine zimo katika kikopo juu ya kabati, pengine katika mfuko uliotundikwa ukutani, pengine zimechomekwa kwenye paa la zizi. Humo utakuta vidonge vya malaria vya mwaka juzi, chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ambaye sasa anakwenda shule, sindano ya ng'ombe, na nusu chupa ya dawa ya kupe. Mwenye nyumba huziweka kwa kufikiri kwamba dawa ni mali, na mali haitupwi.

Ndugu mkulima, fikira hiyo haifai. Mbegu iliyobaki yaweza kupandwa msimu ujao, na mbolea iliyobaki yaweza kutiwa shambani. Lakini dawa iliyobaki baada ya ugonjwa kupona si akiba, bali ni hatari inayongoja mtu wa kuishika. Basi katika somo hili tutajifunza kanuni tatu, nazo ni hizi: kila dawa ina mwenyewe, kila dawa ina siku yake, na kila dawa ina njia yake ya kutoka nyumbani.

Anayejua kusoma na awasomee wenzake, hasa mama wa nyumba na wale wanaochunga mifugo, kwa sababu mara nyingi anayenunua dawa siye anayeitunza.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KATIKA SKIMU

Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa yaligawanywa yakawa viwanja vya jamaa moja moja. Tangu hapo viwanja vingi vimegawanywa tena kwa watoto na kwa wajukuu. Leo nyumba, jiko, zizi, choo cha shimo, kisima na bustani ya mboga vimekaribiana sana. Kitu kinachomwagwa upande mmja wa kiwanja hakikawii kufika upande wa pili, kwa maji ya mvua, kwa miguu ya kuku, au kwa mikono ya watoto.

Tena mkulima wa skimu ana dawa za namna tatu katika nyumba moja: dawa za watu, dawa za mifugo na dawa za mimea. Mtu wa mjini hana shida hii. Kwa hiyo sisi twapaswa kuwa waangalifu zaidi yake.

KANUNI YA KWANZA: KILA DAWA INA MWENYEWE

Daktari anapotoa dawa hutazama umri wa mgonjwa, uzito wake na ugonjwa wake. Dawa ile ni ya mtu yule kwa ugonjwa ule. Akija jirani na kusema, "Hata mimi naumwa hivyo hivyo, nigawie vidonge viwili," ukimpa humsaidii. Huenda ugonjwa wake ni mwingine, au vidonge viwili havitoshi kumponya.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Dawa za kuua vijidudu zikitumiwa nusu nusu, vile vijidudu vilivyo dhaifu hufa, na vile vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hilo mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Kila mkulima aweza kulifahamu kwa kutazama kupe: dawa ikichanganywa hafifu, kupe wengine huishi, na mwishowe kiwanja kizima kina kupe wasiojali dawa ile.

Kwa hiyo dawa ya namna hii ikibaki, jiulize kwanza: imebaki kwa nini? Tufanye hesabu. Mtu mzima mwenye malaria akipewa dawa iitwayo AL humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Nne mara mbili ni 8, nane mara tatu ni 24, nayo pakiti ina vidonge 24. Ukikuta vidonge 8 vimebaki, basi mgonjwa hakumaliza dawa yake. Aliona homa imeshuka akadhani amepona. Dawa inayomalizwa kama ilivyoagizwa haina mabaki ya kutupa.

Sasa tuseme juu ya dawa za marehemu. Mzee aliyekuwa na ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu akifariki, aghalabu dawa zake hubaki nyumbani. Watu huona aibu kuzigusa, au husema zitamfaa mwingine. Hapana budi kuziondoa mapema, maana dawa hizi ni kali sana kwa mtoto. Ziko dawa za sukari ambazo kidonge kimoja tu chaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo hata akazirai, na asipopata msaada akafa. Baada ya matanga kwisha, mtu mmoja wa jamaa na apewe kazi ya kuzikusanya zote na kuzirudisha hospitali zilikotoka.

Kadhalika vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito. Ni vyema kwa mama, lakini vina madini ya chuma, na vingine vina rangi nyekundu iliyong'aa kama peremende. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Akimeza vichache vyaweza kumwua. Mama akiisha kujifungua na kumaliza muda alioambiwa, vidonge vilivyobaki visiachwe chini ya mto wala kwenye mkoba.

KANUNI YA PILI: KILA DAWA INA SIKU YAKE

Chukua pakiti ya dawa yo yote uitazame vizuri. Utaona herufi EXP na tarehe karibu yake. Hiyo ndiyo siku ya mwisho wa dawa. Ikiandikwa EXP 06/27, maana yake dawa yaweza kutumiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa 6 mwaka 2027. Herufi MFG huonyesha siku ilipotengenezwa. Usizichanganye.

Lakini tarehe hiyo ni ya dawa iliyofungwa na kutunzwa mahali pakavu penye baridi kiasi. Dawa iliyokaa juu ya jiko lenye moshi na joto, au dirishani penye jua, huharibika kabla ya tarehe yake. Kidonge kilichobadilika rangi, kilichopasuka au kilichoshikana na kingine, na dawa ya maji iliyoganda au kunuka vibaya, visitumiwe hata kama tarehe haijafika.

Tena ziko dawa ambazo zikiisha kufunguliwa huhesabu siku zake upya:

Dawa ya matone ya macho: kwa kawaida wiki 4 baada ya kufunguliwa.

Dawa ya unga ya watoto inayochanganywa na maji, kama zile za kuua vijidudu: siku 7 mpaka 14 kufuatana na aina yake. Soma kibandiko au mwulize aliyekupa.

Maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha: saa 24 tu. Kesho yake mwaga, uchanganye mengine.

Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu. Ni kazi ya dakika moja.

Watu wengine husema, "Dawa iliyopita siku zake hupungua nguvu tu, haidhuru." Ni kweli kwamba nyingi hupungua nguvu. Lakini dawa iliyopungua nguvu ni kama bunduki isiyo na risasi mbele ya chui, maana mwenye nayo hujiona salama hali hana kinga. Na tena ziko zinazogeuka. Mwaka 1963 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa walioharibika figo kwa kumeza tetrasaiklini iliyokuwa imeharibika kwa kukaa.

KANUNI YA TATU: KILA DAWA INA NJIA YAKE YA KUTOKA

Kwanza tutazame njia nne zisizofaa, kwa sababu ndizo zinazotumika sana.

1. Kutupa chooni. Wengi huona kwamba kilichotumbukia katika choo cha shimo kimekwisha. Sivyo. Maji ya shimo hunywea chini ya ardhi, na kisima nacho huchota chini ya ardhi. Watafiti waliopima maji ya mito na ya visima vya Nairobi na Kisumu, wakatoa habari zao mwaka 2016, walikuta ndani yake mabaki ya dawa za binadamu. Sehemu kubwa ya mabaki ya namna hiyo hupitia katika miili ya watu, nayo hatuwezi kuizuia. Dawa nzima ya kutupwa chooni twaweza kuizuia.

2. Kuchoma jikoni au shambani. Moto wa kuni hauna joto la kutosha kuteketeza dawa kabisa. Hutoa moshi wenye sumu, na anayeuvuta ni wewe na watoto wako. Chupa za kupuliza, kama zile za pumu, hulipuka zikitiwa motoni.

3. Kutupa mtoni, mferejini au kichakani. Dawa ya kupe ya jamii ya deltamethrin huua samaki na nyuki hata ikiwa kidogo. Anayemwaga kwenye mfereji humwagia jirani wa chini, na yeye naye ana jirani wa juu.

4. Kuwapa mifugo. Dawa ya mtu iliyopita siku zake isipewe mbwa, kuku wala ndama kwa kujaribu. Mnyama si jalala.

Sasa tuje kwenye njia zinazofaa.

Njia ya kwanza, iliyo bora, ni kuirudisha. Siku unapokwenda zahanati, hospitali au duka la dawa, chukua zile zilizopita siku zake umwulize mtoa dawa kama wanazipokea. Si kila duka linazipokea, basi uliza kwanza. Mashirika ya afya yana taratibu zake za kuharibu dawa, na yako matanuru ya moto mkali yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Dawa hizi zirudishwe hospitali zilikotoka, zisitupwe nyumbani kwa njia yo yote: dawa za kifua kikuu, dawa za virusi vya ukimwi, dawa za saratani, dawa kali za maumivu kama mofini, na dawa za sindano.

Njia ya pili ni kwa dawa chache za kawaida, mahali ambapo hakuna pa kuzirudishia. Fanya hivi:

(a) Toa vidonge katika pakiti zake. Usivisage, maana vumbi lake huingia puani.

(b) Vitie katika kopo au chupa ya plastiki yenye kifuniko. Dawa ya maji imimine humo humo.

(c) Changanya na udongo wenye maji, au majani ya chai yaliyotumika, au kinyesi cha ng'ombe, mpaka mtoto wala mbwa asitamani kugusa.

(d) Funga kifuniko kwa nguvu.

(e) Tia katika shimo la takataka, ufukie kwa udongo siku hiyo hiyo. Shimo hilo liwe mbali na kisima au mto, mita 30 au zaidi, nazo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Lisichimbwe mahali ambapo maji hutokea karibu, wala palipo juu ya kisima kwenye mteremko.

(f) Futa au chana jina la mgonjwa kwenye pakiti tupu kabla ya kuitupa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Sindano na wembe ni jambo la peke yake. Zitie katika chombo kigumu chenye kifuniko, kama kopo la plastiki nene. Usirudishe kofia ya sindano kwa mkono, wala usijaze chombo hata kikafurika. Kikifika robo tatu, kifunge ukipeleke zahanati au kwa daktari wa mifugo. Sindano iliyotupwa shambani hungoja mguu wa anayepalilia.

DAWA ZA MIFUGO NA ZA MIMEA

Kosa kubwa hapa ni kuhamisha dawa. Mkulima hununua dawa ya kupe ya kupima, akaimimina katika chupa ya soda, akaiweka kando ya jiko. Mtoto anaijua chupa ya soda, na kibandiko kinamwambia ni soda. Dawa isihamishwe kamwe kutoka chombo chake. Kama wataka kugawana na jirani, mgawane kazi ya kunyunyiza, msigawane dawa.

Mirija ya dawa ya kiwele iliyobaki isitumiwe kwa ng'ombe mwingine bila shauri la daktari wa mifugo. Maziwa yakiwa na mabaki ya dawa hiyo hayawezi kuganda vizuri kuwa mala, na chama cha ushirika kikipima kitayakataa. Hasara ya mkebe mmoja yaweza kuwa hasara ya tangi zima, na majirani wako ndio watakaoilipa.

Dawa ya mimea au ya kupe ikiisha, chombo chake bado kina sumu. Kioshe mara tatu kwa maji safi. Kila mara tikisa vizuri, kisha mimina maji hayo katika bomba la kunyunyizia uyatumie mahali ulipokusudia. Baada ya mara ya tatu kitoboe ili mtu asikitumie tena. Kisiwekewe maji ya kunywa, maziwa wala mafuta, hata kama kimeoshwa mara kumi. Uliza ofisi ya kilimo au duka ulikonunua kama kuna mahali vyombo hivyo vinakokusanywa. Dawa yenyewe iliyopita siku zake usiifukie. Iache katika chombo chake, uifungie, kisha uilete habari yake kwa afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yako.

Lakini bora kuliko kujua namna ya kutupa ni kununua kiasi. Tufanye hesabu nyingine. Tuseme una ng'ombe wawili, na kila mmoja humaliza lita 10 za maji ya dawa kwa wiki. Jumla ni lita 20. Kibandiko kikisema mililita 2 za dawa kwa lita 1 ya maji, wahitaji mililita 40 kwa wiki. Chupa ya lita moja, yaani mililita 1,000, itakaa wiki 25, karibu nusu mwaka, huku watoto wakiipita kila siku. Chupa ya mililita 200 itakwisha kwa wiki 5. Huenda chupa kubwa ina nafuu ya shilingi kadha, lakini hesabu na thamani ya hatari inayokaa nyumbani.

MTOTO AKIMEZA DAWA

Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe maziwa wala mafuta kwa kudhani yataivunja sumu. Kama dawa imo mdomoni, itoe. Kama imemwagika mwilini, mvue nguo umwoshe kwa maji mengi. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa au pakiti yenyewe, ili daktari ajue ni dawa gani. Usingoje kuona dalili. Mtoto aliyemeza parasetamo nyingi aweza kucheza siku ya kwanza kama mzima, na huku ini lake linaharibika. Saa za kwanza ndizo saa za kumwokoa.

KAZI YA NYUMBANI

Chagua siku moja kila miezi mitatu, mathalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mume na mke wakae pamoja, watoe dawa zote mezani, kutoka nyumbani, zizini na ghalani. Kwa kila dawa waulize maswali matatu: Mwenyewe ni nani? Siku yake imefika? Itoke kwa njia gani? Zinazobaki zitiwe katika sanduku lenye kufuli, mahali pa juu. Za watu zikae mbali na za mifugo na mimea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jirani anaomba vidonge vya malaria vilivyobaki. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?

2. Dawa ya macho ilifunguliwa tarehe 1 mwezi wa 3. Leo ni tarehe 20 mwezi wa 4. Je, yafaa kutumiwa?

3. Una ng'ombe wanne, na dawa ile ile tuliyoihesabu juu. Chupa ya mililita 200 itakaa wiki ngapi?

4. Taja njia nne zisizofaa za kutupa dawa, na ubaya wa kila moja.

5. Kisima chako kiko hatua 25 kutoka shimo la takataka. Utafanya nini?

Majibu ya hesabu: Swali la 2, haifai, kwa kuwa siku 50 zimepita. Swali la 3, wiki mbili na nusu. Majibu mengine yamo katika somo hili. Yajadilini katika baraza la skimu au katika mkutano wa ushirika, kisha kila mtu aende kutazama kikopo kilicho juu ya kabati lake.